Maiti Aliyegeuza Shingo

Leah alijifunika kanga usoni akajifanya amesinzia, mwanawe kifuani, maana tangu gari dogo la abiria, Noah, liondoke Ruangwa wawili waliokaa mbele yake walikuwa wakimsema yeye bila kumjua.

"Lile igizo la Kizungu wamelitia Kiswahili vizuri, nyimbo tamu," alisema Mzee Mayunga, mfugaji. "Lakini jana pale uwanjani binti kanywa sumu, kafa, mchumba analia juu yake. Mara mtoto akalia huko kwa watazamaji, maiti akageuza shingo! Nilikuwa nafuta machozi, mama. Yakakauka."

"Ulitaka asigeuke?" Bi Albina, mkazi wa Mtua, alimkatiza. "Mimi hata mkinizika, wangu akilia nitauliza ana nini."

"Aliyekufa hana mtoto."

"Hujanyonyesha wewe, shemeji."

Gari zima likacheka, isipokuwa Leah. Jioni hiyo igizo lilikuwa Nachingwea, naye alikuwa anakwenda kuwaambia wenzake wampe mwingine nafasi yake ya kuigiza yule binti.

Gari liliposimama stendi ya Nachingwea, mtoto akalia. Leah akafunua uso. Wale wawili wakageuka, wakamtambua.

"Bado nasema maiti hageuki," alinong'ona Mayunga.

"Basi leo mtoto atakaa na mimi," alisema Albina, mikono keshainyoosha kumpokea. "Wewe mwanangu, kafe vizuri."