Nonito Sobrevega na Wavuvi Wasiopunga Mkono

Padre, mama yetu, majirani wa Guimbal, mabaharia mliotoka mbali, na wewe pia Bwana Lumbayan uliyekaa safu ya tatu karibu na feni, mimi ni Merlinda, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha yake, nami nitayasoma yote.

Nonito Catedrilla Sobrevega alizaliwa hapa Guimbal, mkoa wa Iloilo, tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa tatu wa Mzee Crisanto, mvuvi, na Mama Felicidad mnayemwona hapa mbele, akabatizwa katika kanisa hili hili tarehe 3 Mei mwaka huo. Alianza shule ya msingi mwaka 1987, na alikuwa darasa la tano, tarehe 20 Novemba 1991, meli ya mizigo ilipoipanda mashua ya baba yetu kwenye ghuba ya Panay bila hata kupunguza mwendo, baba akapatikana siku ya pili akiwa maiti. Wengi tulidhani mtoto huyo atazichukia meli, lakini yeye alisema atausomea ubaharia, ili kule juu awepo angalau mtu mmoja anayewaona wavuvi.

Alimaliza sekondari mwaka 1997, akaingia chuo cha ubaharia mjini Iloilo, akahitimu Machi 2001, akapanda meli ya kwanza tarehe 8 Januari 2002 kama baharia wa kukwangua kutu, na kwa miaka ishirini na miwili akapanda vyeo hadi kuwa afisa wa pili, yule anayechora njia ya meli kwenye ramani. Wenzake wamenieleza kwamba walimtania wakimwita Padre wa Wavuvi, kwa sababu hakuna mashua aliyopishana nayo bila kupunguza mwendo na kuipungia mkono, na kwamba nahodha mmoja Mgiriki alimwambia kwa namna hiyo watafika bandarini wakiwa na wajukuu.

Alifunga ndoa na Jovelyn Palmares tarehe 19 Desemba 2009 katika kanisa hili, siku ambayo alicheza muziki vibaya kuliko wageni wote, wakajaliwa watoto wawili, Crismar, aliyezaliwa mwaka 2011, na Angeli, mwaka 2015.

Sasa nafika mahali ambapo Bwana Lumbayan angependa niruke.

Tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2024, meli yao Orsola, yenye shehena ya mbolea, ilikaribia mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, ambako meli zilikuwa zikipigwa kwa makombora na vyombo visivyo na mtu, na manowari mbili zilikuwa zinakusanya meli za mizigo ili kuzisindikiza baada ya siku tatu. Nonito akachora njia ya kusubiri. Bwana Lumbayan, ambaye ndiye meneja wa meli hiyo, akatuma ujumbe kutoka ofisini kwake Manila, nahodha akamrushia Nonito kwenye simu yake, simu hiyo anayo mjane, na ujumbe unasema hivi: "Msisubiri manowari. Zimeni kifaa cha utambulisho, piteni."

Wakakizima kifaa hicho kinachowaonyesha wengine meli ilipo, wakapita. Kesho yake saa nne asubuhi, Nonito akiwa zamu, aliona kwa darubini mashua ndogo ya uvuvi ikija mbele yao, watu wawili wamekaa, mmoja na kofia, akafanya alilolifanya maisha yake yote, akapunguza mwendo, akapiga honi, akatoka nje kuwapungia mkono, nao hawakupunga. Yalikuwa masanamu yaliyovalishwa mashati, na chini yake baruti. Walioyavalisha walijua kwamba baharini bado wapo watu wenye utu, wakautumia utu huo kuua, na mimi naomba mikono yao ikauke, Padre anisamehe au asinisamehe.

Aliungua vibaya, helikopta ya manowari zile zile alizokatazwa kuzisubiri ikampeleka hospitali Djibouti, akaishi siku sita. Alimwambia Jovelyn kwa simu, nami nimekaa pembeni nasikia: "Mimi ndiye niliyepunguza mwendo. Wasije wakamsingizia aliyeshika usukani." Alifariki tarehe 9 Juni, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Maneno hayo ya muungwana ndiyo kampuni imeyashikilia. Jumanne Bwana Lumbayan alikuja na karatasi ya kukiri kwamba kifo kilitokana na kosa la marehemu peke yake, akataka mjane asaini kabla ya mazishi, Jovelyn akaomba kalamu, akapewa, akaenda nayo jikoni kuandika orodha ya wapishi. Kisha mgeni wetu akamwona kifaranga juu ya jeneza akidonoa mchele, akabadilika uso, maana naye ni wa nchi hii, anajua kifaranga huwekewa aliyeuawa tu, ili aidonoe dhamiri ya muuaji. Akamsihi mama amwondoe. Mama akamjibu: "Kaa hapo mwanangu, mtazame mpaka ashibe."

Bwana Lumbayan, ujumbe wako uko kwa wakili, kesi itasikilizwa Iloilo tarehe 16 Septemba, na tutakuja Guimbal nzima. Mimi sikusamehe. Siombi uugue wala ufe, naomba uishi miaka mingi, na kila unapoingia watu wakujue.

Tunawashukuru madaktari wa Djibouti, na hasa muuguzi Hodan aliyemshikia simu sikioni siku zote sita, majirani waliopika na kukesha nasi, na mabaharia kumi na tisa wa Orsola, waliokubali kutoa ushahidi ingawa wametishwa kwamba hawatapata meli tena. Shada la maua la kampuni liko nje ya lango, mwenye mbuzi alichukue.

Nonito, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Na wewe Bwana Lumbayan, simama, wabebaji wamekuachia nafasi upande wa kichwa, njoo uujue uzito wake.