Risala ya Chumba cha Mawimbi Kuhusu Joto la Mguu Mmoja

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Takwimu za Mifugo na daktari wetu wa zamani. Mkuu wa Hospitali ya Wanyama. Waheshimiwa wa meza kuu. Wenye wanyama, pamoja na wanyama wenyewe mnaotupigia kelele hapo nje:

MAKARIBISHO

Karibu nyumbani, daktari. Itifaki inatutaka tukuite Mheshimiwa Mkurugenzi, na tutakuita hivyo kila Mkuu wetu atakapotukazia macho. Lakini humu ndani wewe ni Mama Pasha. Asubuhi hii ulifika mlangoni ukasimama, hukuvuka kizingiti, ukauliza, "Naruhusiwa kuingia?" Mfagizi wetu aligeuka kufuta kioo ambacho alishakifuta. Jamani, wewe ndiye wa kubisha hodi hapa?

Tumekukumbuka. Tunalisema sasa hivi kabla sauti hazijaanza kukauka.

HISTORIA FUPI

Kwa faida ya wageni, chumba hiki kilikuwa stoo ya ndoo na mifagio. Miaka kumi na minne iliyopita mgeni rasmi aliingia na mashine kuukuu ya kupima mishipa ya fahamu, iliyokuwa imestaafu kwenye hospitali ya binadamu. Watu walicheka mpaka basi. Mbwa naye apimwe mishipa?

Naye akawaeleza taratibu. Mnyama hawezi kukwambia ganzi inaanzia wapi. Kwa hiyo unamlaza kwa dawa, unaushtua mshipa wa mguu kwa umeme kidogo karibu na goti, halafu karibu na kifundo. Msuli wa wayo ukijibu, mashine inachora wimbi. Unapima umbali kati ya sehemu hizo mbili kwa tepu ya fundi cherehani, unagawa kwa tofauti ya muda, unapata mwendo wa mshipa. Mshipa wenye afya unakimbia, ulioumia unajikokota.

Ila kuna mtego. Mguu wenye baridi nao mshipa wake hujikokota, hata kama ni mzima kabisa. Ndiyo maana kabla ya sindano, kabla ya tepu, kabla ya lolote, daktari alikuwa akipaza sauti, "Pasha kwanza!" Tunaweka chupa za maji moto, tunafunika blanketi, tunapima joto la mguu kwa kipimajoto na kuliandika kwenye fomu. Jina la Mama Pasha lilizaliwa hapo, na alikuwa akijifanya halisikii.

Alikuwa mkali, tusimpake mafuta kwa kuwa leo amevaa suti. Siku moja alimrudisha mwenzetu mara nne akapime upya mguu wa paka mmoja. Mwenzetu akanung'unika kwamba muda wa chakula umepita. Daktari akamjibu, "Paka mwenyewe hana haraka. Wewe unakimbilia wapi?"

MAFANIKIO

Tukumbushe moja tu. Kuna mlinzi wa ghala aliyetuletea mbwa wake akitaka dawa ya ukaidi. Miezi minne anamwita mbwa haitiki, na kila asipoitika anakula fimbo. Daktari alimvalisha mbwa vipokea sauti vidogo, akapeleka milio sikioni, akatazama mawimbi ya ubongo. Sikio la kulia hakuna kitu. La kushoto hakuna kitu. Mbwa alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Mlinzi, mtu mzima na mabuti yake, alikaa chini sakafuni akalia, "Nimempiga bure." Akarudi wiki iliyofuata kutuonyesha ishara za mikono alizomfundisha.

Mafanikio ya miaka sita tangu daktari aondoke ni haya: chumba kimepakwa rangi, feni imefungwa, na leo tunazindua meza mpya inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Hayo tu. Msijisumbue kupiga makofi.

CHANGAMOTO

Mkuu wetu alituelekeza tutaje upungufu wa sindano, jeli na umeme wa uhakika. Tumetaja.

Sasa tuseme changamoto yenyewe. Hatuna mtu wa kusoma mawimbi. Mashine imefunikwa shuka. Mtu anafika amembeba mbuzi aliyelegea miguu, tunamwelekeza hospitali ya safari ya siku mbili, naye anatuuliza, "Si nasikia hapa palikuwa na daktari?" Tunajibu palikuwa. Neno hilo "palikuwa" limetuchosha, mgeni rasmi.

Na pana jambo ambalo Mkuu hakuliona kwenye rasimu. Mzee wetu, utuvumilie, ukurasa huu tuliuchomeka leo asubuhi.

Miaka sita iliyopita fundi viatu wa barabara ya soko alimleta mbwa wake. Alikuwa mbwa mweusi, miguu ya nyuma dhaifu. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Tulishamlaza, tukanyoa mguu, tukaupaka spiriti, umeme ukakatika. Saa nzima mbwa amelala kwenye vigae. Umeme uliporudi kila mtu akawa mbiombio. Daktari akauliza, "Umepashwa? Joto ngapi?" Akajibiwa, "Thelathini na sita." Kipimajoto kilikuwa kwenye droo. Namba ile ilikuwa ya fomu ya jana yake, ya mbwa mwingine.

Mashine ikaonyesha mwendo mdogo. Daktari aliamini alichoambiwa, akamweleza fundi viatu kwamba mishipa inakufa na haina tiba. Fundi akakubali mbwa wake alazwe asiamke. Alimshikilia kichwa mpaka mwisho. Baadaye maabara walipouchunguza mwili wake wakakuta mishipa ile ni mizima. Tatizo lilikuwa mgongoni, kitu cha kupasuliwa, na pengine angetembea tena.

Baraza la madaktari lilipouliza nani aliandika joto, daktari alisema, "Fomu ina sahihi yangu. Maswali yaishie hapo." Wakamnyang'anya leseni. Tangu hapo anahesabu ng'ombe kwenye makaratasi, yeye ambaye hakuweza kumpita mbuzi njiani bila kumpapasa shingo. Sisi sita tulikuwa koridoni siku ile tunasikia kila neno. Hakuna aliyesukuma mlango.

Mgeni rasmi, risala huandikwa kwa "sisi". Ni blanketi pana, wote tunajifunika. Naomba ruhusa nitoke nje yake. Aliyejibu "thelathini na sita" ni mimi, muuguzi ninayeisoma karatasi hii. Jana yake ulikuwa umenisifu mbele ya wanafunzi, ukasema mimi sisahau kitu. Nikaona haya kukwambia nimesahau. Ni hilo tu, hakuna sababu kubwa zaidi, na ndiyo maana inaniuma hivi.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi viatu. Alinisikiliza huku ameshika nyundo. Akauliza, "Kwa hiyo angepona?" Nikamwambia pengine. Akaiweka nyundo chini, akasema, "Miaka sita nampita yule daktari njiani simpi salamu. Nitamsalimia vipi sasa?" Yupo hapa, safu ya tatu, mwenye kofia mkononi.

MAOMBI

Sindano na jeli, orodha imeambatanishwa.

Ombi la pili ni langu. Jana nimepeleka barua kwa Baraza, ina jina langu kamili na muhuri wa kupokelewa. Nimeomba faili lifunguliwe upya na leseni yako irudi. Watakuita. Nakujua, daktari, utataka tena kusema maswali yaishie kwako. Nakuomba sana, usinikinge. Safari hii waache wanifikie.

La tatu ni letu sote. Rudi. Hatusemi leo. Hatusemi unadaiwa kurudi, maana sisi ndio tuliokutoa. Ila tunatamani urudi. Tunatamani ule mluzi wako wimbi likikaa vizuri. Tunatamani unavyopumulia viganja kabla ya kumgusa mnyama, na unavyomwomba radhi mbwa aliyelala ambaye wala hakusikii. Tunatamani hata kugombezwa. Mwenzetu wa paka anasema yuko tayari kupima mara kumi.

HITIMISHO

Mungu akupe umri na macho yasiyochoka kusoma mawimbi. Aitunze mikono yako, ambayo imekaa bure miaka sita kwa ajili ya ulimi wa mtu mwingine. Awape nafuu wagonjwa wote wasioweza kusema wanapoumwa.

Ni sisi, wafanyakazi sita wa Chumba cha Mawimbi. Na Baraza likishaamua, watano.