Mama Émérence Kapinga, Aliyeonjesha Miwani Kabla ya Sindano

Tarehe 31 Machi 2025 Mama Émérence Kapinga anaacha kazi, baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya watoto ya hospitali yetu hapa Likasi. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike wasifu wake. Mimi ni daktari mzee, nilistaafu kabla yake, na ugonjwa nilio nao hautanipa nafasi nyingine ya kumzungumzia. Kwa hiyo nitasema yote.

Alizaliwa mjini hapa, mjukuu wa mtu wa Kasai aliyekuja kutafuta kazi ya mgodi. Alikuja wodini msichana mwembamba mwenye sauti nene, na tangu mwanzo alikataza mtu yeyote kuingia na uso uliokunjwa. Nimefukuzwa mara nyingi. "Docta, rudi inje, utengeneze ule uso!" Akina mama walicheka, na watoto wakajua kuna mtu ninayemwogopa.

Mwaka 2021 wafadhili walituletea miwani mikubwa ya kufunika macho yote. Mgonjwa akiivaa hujiona yuko mahali pengine kabisa. Yetu ilionyesha chini ya bahari. Nia ilikuwa kupunguza hofu ya watoto wenye maradhi mazito wanapochomwa sindano. Mama Émérence aliijaribu wa kwanza. Akainua mguu kuruka jiwe ambalo halikuwepo, akamwaga uji wa wodi nzima.

Kisha tukakosea. Tulifunga mlango ili mtoto atulie, wazazi wakabaki ukumbini. Huko walisikia mtoto anacheka peke yake na kuita vitu wasivyoviona. Katika mji ambao wahubiri hutaja kila Jumapili dunia ya pili, ile ya wachawi, neno lilienea haraka: hospitali inawapeleka watoto huko. Mama mmoja alimbeba mwanawe na dripu mkononi akaondoka. Miwani tukaitia kabatini.

Ndipo akaja Arielle, msichana wa miaka tisa mwenye saratani ya damu. Ilitubidi tumchome mgongoni, tuchote maji ya uti wa mgongo na kuacha dawa humo, la sivyo ugonjwa ungeingia kwenye ubongo. Mara mbili tulijaribu, mara mbili alipigana nasi hadi tukaacha. Kumshika kwa nguvu zaidi kungemuumiza, na kusubiri kungemuua. Mama Émérence akaitoa miwani kabatini. Bibi wa Arielle, Albertine, tuliyemwita Kambo kama tunavyowaita mabibi hapa kwetu, akasimama mlangoni.

"Munamupeleka wapi mutoto wangu?"

"Kambo, hatufunge mulango tena. Na weye utaonja mbele."

Hapa kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza, uone hakina sumu. Kambo Albertine alielewa. Akafanya ishara ya msalaba, akaketi, akavishwa miwani. Mikono yake ilishika kiti, kichwa kikageuka taratibu, kulia, kushoto. Halafu akapaza sauti:

"Samaki yote hii! Na bukari iko wapi?"

Aliona samaki, akautaka ugali wake. Arielle, ambaye hakuwa amecheka tangu alazwe, alicheka. "Kambo, usikule yote!"

Bibi aliangalia filamu hadi mwisho, akaomba irudiwe, na Mama Émérence akamwacha. Nilikasirika kwa kuchelewa. Kumbe yeye alijua anachofanya.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na miwani haikuwa imejaa chaji. Arielle alilala ubavu, magoti kifuani, miwani usoni, bibi yake mbele yake. Sindano ilikuwa imekwisha kuingia, maji yanadondoka, wakati picha ilipozimika.

"Kambo! Kumekuwa giza! Sione kitu!"

Niliona misuli ya mgongo wake ikikaza. Sasa naungama: katika chumba kile mimi ndiye niliyeogopa kuliko wote. Nilitaka kuichomoa sindano. Mama Émérence alikuwa amemkumbatia mtoto, na badala ya kusema yeye, alimtazama bibi tu.

"Bakia vile vile," Kambo Albertine akasema. "Ile samaki mukubwa iko nakuja. Inapita juu yako, pole pole. Tumbo yake iko nyeupe. Sasa inageuka. Nyuma yake kuko tutoto twingi, tunaifuata."

"Ngapi?"

"Hesabu weye, miye sikusoma."

Arielle akaanza kuhesabu gizani. Mgongo ukalegea.

"Docta, endelea," Mama Émérence akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Nikaendelea, dawa ikaingia yote.

Miwani haikumponya mtoto yeyote, na tuliwazika wengine walioipenda sana. Arielle alitibiwa miaka miwili na leo anasoma. Tangu siku ile hakuna mtoto wodini aliyevaa miwani kabla ya mtu wake mwenyewe kuivaa, na mlango haufungwi. Hiyo ndiyo kazi ya Mama Émérence, ingawa katika taarifa za wafadhili limeandikwa jina langu.

Mama Émérence, ahsante. Ninapolala sasa na hofu yangu, naisikia sauti ile ikiniambia niendelee, na ninaendelea. Sote tunakuombea asubuhi ndefu kitandani, miguu isiyovimba, na nyumba yenye kelele za watoto wasioumwa.

Dkt. Théodore Mwamba