Mama Badilisheni na Chemba ya Mwisho

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha uhandisi wa maji taka na kutupandisha presha sisi wenzake, mhadhiri mwenzetu anastaafu leo Ijumaa. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja miaka kumi na minane, meza zetu zikitazamana. Kamati ya sherehe ilisisitiza niandike kitu chepesi na cha furaha. Nitajaribu, lakini jamani, huyu mama amenichosha.

Jina lake la kwenye hati ya mshahara wachache wanalijua. Chuo kizima kinamwita Mama Badilisheni, na wanaomwita hivyo kwa uchungu ni wengi kuliko wanaomwita kwa mapenzi. Chanzo ni kazi yake ya vikundi ya mwaka wa tatu. Nyuma ya chuo kuna mtaa ambao haukuwa na bomba la maji taka hata moja. Kila kikundi kinapewa kipande chake cha mtaa huo, kichore njia ya kuyatoa maji majumbani hadi kwenye bomba kuu. Wanafunzi wanahangaika, wananuniana, wanapatana, mwishowe wanaanza kuipenda kazi yao. Hapo ndipo, katikati ya muhula, anaposimama mlangoni na kupaza sauti: "Badilisheni!" Kila kikundi kinaacha mchoro wake mezani na kuhamia meza ya jirani kumalizia kazi ya wengine. Tangu dakika hiyo ni marufuku kuwauliza wenye mchoro hata swali moja. Si kwa simu, si kantini, si kwa kukonyezana. Mchoro usiposema, basi hujui.

Malalamiko yalikuja kwangu, maana mwenyewe hakamatiki, yuko mtaroni. Nikimuuliza, dada, unawatesa watoto wa watu kwa faida gani, ananijibu bila kuinua kichwa kwamba atakayekuja kuzibua bomba hilo miaka ijayo hatakuwa na namba yako ya simu. Kisha ananiomba nimsogezee mabuti yake. Hayo mabuti, niseme tu, yameishi chini ya meza yangu mimi, eti kwa sababu upande wangu una upepo.

Mwisho wa muhula kila mwanafunzi huandika ukurasa mmoja wa tafakari kuhusu kufanya kazi pamoja. Nazijua tafakari hizo kuliko nilivyopenda, kwa kuwa alikuwa akizisoma kwa sauti huku mimi nikisahihisha mitihani. Mmoja aliandika: "Nimejifunza kwamba ushirikiano ni jambo zuri sana, shida ni watu." Mwingine: "Walioturithisha mchoro wameandika 'bomba lipite hapa' na mshale. Hapa wapi? Namwomba Mungu nisikutane nao." Mama Badilisheni alicheka hadi machozi, akampa maksi nzuri.

Kuna mwaka kikundi kimoja kilijua kitawaachia mahasimu wake mchoro. Wakaandika vipimo ovyo ovyo makusudi, saba na moja zikawa kitu kimoja, wakawa wanachekeana kimya kimya. Yule mama akanusa. Akasubiri wiki tatu, kisha akawarudishia mchoro uleule waumalize wao. Walikuwa wameshasahau kila kitu. Wakakisia, wakachimba mtaro wa majaribio, wakalaza bomba, wakamwaga ndoo ya maji kujaribu, na maji yakageuka yakawarudia miguuni. Tafakari ya mmoja wao ilikuwa fupi: "Tulitaka kuwakomoa wenzetu. Viatu vyangu vilikuwa vipya."

Mtaa umebadilika, hilo hata mimi silibishi. Kila mwaka mchoro bora ulijengwa, wanafunzi wakichimba bega kwa bega na mafundi wa manispaa na wenyeji, chemba moja ya kukagulia bomba baada ya nyingine. Pale palipokuwa na mfereji mweusi leo watoto wanacheza mpira. Imebaki nyumba moja tu, ya mama mmoja fundi cherehani. Nyumba hiyo iko bondeni, chini ya usawa wa barabara, na maji hayapandi mlima hata ukiyabembeleza. Mvua ikinyesha, shimo la choo linafurika na uchafu unaingia hadi sebuleni, ambako ndiko anakoshonea. Cherehani ameipandisha juu ya matofali, nguo za wateja zinaning'inia karibu na dari. Wateja wenyewe wanamkimbia kwa harufu. Ameshasema mvua za safari hii zikimkuta hivi hivi, anafunga kazi. Na njia ya kumwokoa ni moja: bomba lipite chini ya uwanja wa chuo, ulio chini zaidi ya nyumba hiyo, na chemba ya mwisho ichimbwe pale wakubwa wetu wanapoegesha magari.

Hapo ndipo wote tulipochoka. Mama Badilisheni alifuatilia kibali cha kuchimba hapo mpaka viti vya ofisi ya utawala vikamzoea. Mara kikao kimeahirishwa, mara mhusika amesafiri, mara sasa magari yatakaa wapi. Kibali kimetoka lini? Jumatatu ya wiki hii! Akaomba aongezewe muhula mmoja tu amalizie, akaambiwa umri ni umri. Alirudi ofisini, akakaa, akautazama ukuta. Mimi niliumia, sifichi.

Jumanne asubuhi nikakuta mchoro wa kipande hicho umelazwa juu ya meza yangu. Yeye amesimama mlangoni, mkoba begani, akanitazama na kusema lile neno lake moja. Mimi! Mtu wa zege na hesabu zake, niliyeukwepa mtaro ule miaka yote! Nikafungua mdomo nimuulize chemba inakwenda kina gani. Akaweka kidole kwenye midomo yake, akaenda zake.

Basi ndiyo hivyo, Jumatatu naanza kuchimba na mwaka wa tatu. Fundi cherehani ameshaniita dirishani na kuniambia, mbele ya mteja, kwamba ananihesabia siku. Magari ya wakubwa yatafute pa kwenda.

Dada, kwa niaba ya idara nzima, asante kwa kila chemba, na kwa kila mhandisi aliyetoka hapa akikulaani na sasa anawatesa vijana wake vilevile. Pumzika. Wajukuu wakikusumbua, tafadhali usiwabadilishe na wa jirani.

Mimi tangu Jumanne nimeupekua mchoro wako kona hadi kona. Natafuta kitu kimoja tu ulichosahau kuandika, nipate kisingizio cha kuvunja sheria yako na kukupigia simu. Kina kipo. Mteremko upo. Hata mzizi wa mti wa getini umeuchora. Sina swali hata moja, na hilo limeniudhi kuliko yote uliyonifanyia.

Maisha mema, dada yangu. Mabuti yako hukuyachukua. Yako palepale chini ya meza yangu, na nimeyajaribu, yananitosha.