Kabichi Chachu ya Traudi

Pale Wanne, mji mmoja wa Ujerumani magharibi, mtaa unapokata kona kuelekea mfereji, kuna kibanda cha Uschi. Ni dirisha moja tu la kuuzia magazeti, bia, peremende na kahawa, na chini yake benchi la mbao lililong'aa kwa kukaliwa na watu walewale. Wa kwanza ni Shimo, aliyechimba makaa ya mawe tangu ujana wake mpaka migodi ikafungwa. Jina la ubatizo ni Bruno, lakini ukimwita hivyo hageuki. Wa pili ni Korbinian, ambaye kila mtu humwita Mbavaria kwa sababu alitoka Bavaria, kule kusini, akaoa hapa, akazaa hapa, akaota mvi hapa, na bado anahesabiwa mgeni. Uschi mwenyewe haketi. Ameegemea dirishani, viwiko nje, na hakuna neno linalopita benchini bila yeye kulidaka. Wa mwisho ni Friedhelm, anayekaa ghorofa ya kwanza, na dirisha la jiko lake liko juu kabisa ya benchi hilo. Ila tangu mkewe Traudi alazwe hospitalini, Friedhelm hakuonekana kijiweni, na wenzake waliiacha nafasi yake wazi hata siku benchi lilipojaa.

Jumamosi hiyo ya Novemba akatokea upande wa buchani, kofia imekaa upande, kakumbatia furushi la karatasi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga. Wakasogea ili akae. Hakukaa.

— Traudi ana njaa.

Shimo akatua kikombe. Mbavaria akakunja gazeti. Uschi ndiye aliyepata ulimi kwanza.

— Nani kasema?

— Yeye mwenyewe. Nimempelekea chai asubuhi, akanitazama, akasema: Friedhelm, natamani soseji na kabichi chachu. Kisha akageukia ukutani akalala tena.

Wote walijua uzito wa maneno hayo. Homa ya mapafu ilimlaza Traudi hospitalini, ikamrudisha nyumbani mifupa mitupu. Kifua kilipona, kilichogoma ni ulimi, ukawa hausikii ladha. Supu aliiona karatasi, keki karatasi, hata kahawa ambayo zamani alikuwa haamki bila kuinusa, nayo karatasi. Sketi zake sasa alizibana kwa pini.

— Basi mpikie, mzee! akasema Mbavaria. Unasimama hapa unangoja nini?

— Sijawahi kupika.

— Kabisa?

— Yai.

— La kukaanga?

— La kuchemsha. Na yeye ndiye huniambia lini nilitoe.

— Muulize shemeji akuelekeze, akasema Shimo.

— Nimemuuliza. Kasema pika tu, mimi sina pumzi ya kukufundisha leo.

Shimo akajikuna kidevu. Mbavaria akajinyoosha, na uso wake ukapata ule mng'ao ambao kijiwe kizima kiliujua na kuuogopa.

— Rafiki yangu, umefika kwa mwenyewe. Soseji ni mambo ya kwetu.

— Yenu gani? akadakia Shimo. Nyie mnazitumbukiza kwenye maji kama mnaogesha kichanga, halafu mnazivua ngozi! Soseji ya kuvuliwa nguo hiyo ni soseji?

— Wewe uliyekula gizani nusu ya maisha yako, utajua soseji ina rangi gani?

— Jamani, mwenzenu ana mgonjwa, akakemea Uschi. Friedhelm, panda juu, fungua dirisha. Sisi tutakuambia kutoka hapa.

Friedhelm akapanda. Alipita mlango wa chumba cha kulala kwa vidole vya miguu, akasikiliza. Traudi alikuwa akipumua vizuri. Akaingia jikoni, akafungua dirisha, akatoa kichwa nje.

— Haya. Nimewasha jiko. Sasa?

— Sufuria ya maji, akaamuru Mbavaria. Yachemke. Tumbukiza soseji.

— Azitoboe kwanza! Shimo akapaza sauti. Kwa uma!

— Asithubutu! Ukiitoboa, mafuta yote yanakimbia. Unabaki na kipande cha kamba.

— Nazitoboa au sizitoboi? akauliza Friedhelm kutoka juu.

— Toboa!

— Usitoboe!

Akatoboa mbili, akaacha mbili, ili asimuudhi mtu. Uschi akaona wakati wake umefika.

— Na kabichi je? Umeiosha?

— Kuosha kabichi chachu? Shimo nusura aangushe kahawa. Hiyo ni kama kuosha bia! Dada Uschi, mwombe radhi mzimu wa mama yangu. Mama alikuwa na mtungi wake wa kabichi ghalani, na ilikuwa marufuku kugombana karibu nao. Kabichi inasikia, bwana. Mwaka ambao baba na mjomba walirushiana maneno kwa ajili ya mpira, mtungi mzima ulioza.

— Hii imetoka kwenye kopo, akasema Mbavaria. Imesikia nini huko? Mashine za kiwanda?

— Ndiyo maana ina hasira. Lazima ipozwe. Friedhelm! Iongeleshe kidogo!

— Niseme nini?

— Chochote, lakini kwa upole.

Friedhelm akatazama nyuzi zile zilizorojeka ndani ya bakuli. Alijiona mjinga. Hata hivyo akaziinamia, akanong'ona kwamba mke wake hajala, na kwamba anaomba sana. Kisha akajifuta pua kwa mkono wa shati.

— Tatizo si kopo, Mbavaria alikuwa akiendelea huko chini. Ni maji ya mji huu. Yamepita kwenye makaa miaka mia. Yana majonzi. Kule kwetu maji yanashuka mlimani yakicheka, soseji ikiingia tu inafurahi.

— Soseji inafurahi! Na inageukia upande gani ikifurahi?

— Upande wa kusini. Cheka tu. Mjomba wangu alizilaza hivyo maisha yake yote, hakuwahi kuugua jino.

Kabla Shimo hajajibu, kishindo kidogo kikasikika kutoka juu, kisha kingine. Harufu ya maji yenye mafuta ikashuka dirishani. Uso wa Friedhelm ukajitokeza, na safari hii haukuwa na swali.

— Zimepasuka.

— Ngapi?

— Zote. Zilizotobolewa na zisizotobolewa. Nyama imetoka, inaelea kama… Hata sijui inaelea kama nini.

Uschi alitaka kucheka, akajizuia alipomwona mikono. Friedhelm alikuwa ameshika kizingiti cha dirisha kama mtu aliye juu ya ngazi mbovu.

— Juzi daktari aliniita pembeni, akasema, kwa sauti ndogo ambayo iliwalazimu watatu wale kuinua nyuso. Asipoanza kula mwenyewe, wiki ijayo wanamrudisha wodini. Watamlisha kwa mpira puani. Traudi sijamwambia. Leo kaomba chakula kwa mara ya kwanza, nami nimekiharibu.

Gari likapita. Mbavaria alikuwa akikunja na kukunjua pembe ya gazeti lake. Shimo akainuka.

Magoti ya Shimo yaliharibikia mgodini, na kwa mwaka mzima mwendo wake ulikuwa kitandani hadi benchini, benchini hadi kitandani. Sasa alivaa kofia, akashika ukuta, akaondoka kuelekea buchani bila kuaga. Uschi akamwita, akasema atatuma mtu. Shimo akapunga mkono bila kugeuka. Walimtazama akivuka barabara huku dereva mmoja akimngoja kwa subira.

— Friedhelm, akasema Mbavaria, na sasa hakukuwa na majivuno hata chembe katika sauti yake. Nisikilize. Mwaga maji hayo. Chukua kikaango. Moto mdogo, mdogo kuliko unavyodhani. Mafuta ya nguruwe kijiko kimoja. Shimo akizileta utazilaza humo, usizichokoe. Zigeuze zikishaiva upande mmoja. Basi.

— Ulisema maji.

— Najua nilichosema. Kwetu tunapika nyeupe. Hizi zenu sijawahi kuzipika mimi. Mke wangu hupika.

— Na wewe, Uschi?

— Mimi nakula mkate dirishani hapa, mpenzi wangu. Lakini nilimwona mama akikaanga kitunguu kwanza, kikawa rangi ya dhahabu, ndipo akatia kabichi. Na kisibiti, zile mbegu za kunukia. Kisibiti unacho?

Friedhelm akatafuta kabatini, kwenye vikopo ambavyo Traudi alivipanga kwa mkono wake. Alikuwa ameishi na vikopo hivyo ujana wake wote na uzee wake, na hakuwahi kukifungua hata kimoja. Akavinusa moja moja mpaka kimoja kikamletea Jumapili zote za ndoa yake kwa mpigo. Akajua ndicho.

— Ninacho!

Kitunguu kikaanza kulia kwenye mafuta. Akatia kabichi, akatia kisibiti, akaongeza maji kidogo, akafunika. Viazi akavichemsha kama mayai, ila safari hii kwa kuvichungulia mwenyewe. Shimo akarudi, jasho limemtoka kwenye baridi ile, akakabidhi furushi jipya mlangoni, akaketi benchini akihema, na hakuna aliyemtania. Friedhelm akazilaza soseji kikaangoni, akarudisha mikono nyuma ili isimponze.

Kisha akaonja kabichi, na uso ukamkunjamana.

— Kali! Inachoma mashavu! Hawezi kuila hii!

— Kipande cha tufaha, akasema Shimo. Kikwaruze humo.

— Nanasi, akasema Uschi. Watu siku hizi wanatia nanasi. Daka!

Kopo dogo likarushwa, Friedhelm akalidaka kifuani.

— Sukari kijiko, akasema Mbavaria. Kijiko cha heshima.

— Asali ndiyo dawa ya kifua, akaongeza Shimo.

— Vyote viwili basi!

Na Friedhelm, aliyekuwa amechoka kuchagua, akatia tufaha, akatia nanasi na maji yake, akatia sukari, akatia asali. Akakoroga. Alipogeuka, Traudi alikuwa amesimama mlangoni.

Alivaa gauni la kulalia na juu yake sweta la Friedhelm, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango.

— Mnapiga kelele kama soko la samaki, akasema kwa sauti iliyokauka.

— Kaa, kaa. Iko tayari. Karibu iwe tayari.

Akamvutia kiti. Akapakua: soseji moja, yenye rangi nzuri upande mmoja na nyeusi upande wa pili, viazi vya kuponda vyenye mabonge, na kilima kidogo cha kabichi. Akaketi mbele yake bila sahani. Alijua wenzake huko chini walikuwa wakisikiliza, na kwa mara ya kwanza aliomba wasiseme kitu.

Traudi akakata kipande cha soseji, akakiweka mdomoni, akatafuna polepole kama mtu anayesikiliza nyayo za mbali. Akameza. Akachota kabichi kwa uma. Akatafuna mara moja, akasita.

Kisha akaweka uma chini.

Friedhelm alilijua tendo hilo la kuweka uma chini. Alikuwa amelitazama wiki baada ya wiki, supu kwa supu. Akanyoosha mkono aondoe sahani, maneno ya kumfariji yakiwa tayari mdomoni. Lakini Traudi alikuwa anainuka. Alisimama bila kushika meza. Akapita kando ya jiko bila kushika ukuta. Friedhelm akamfuata, mikono imekingwa nyuma yake asije akaanguka, akidhani anakwenda kutapika. Traudi akafika dirishani, akaegemea kizingiti, akatazama chini. Nyuso tatu zikamtazama.

— Hebu niambieni, akauliza. Nani kati yenu kasema kabichi yangu itiwe sukari?

Uschi akajifanya anapanga peremende. Mbavaria akachungulia ndani ya kikombe chake kama aliyeangusha kitu humo. Shimo alivua kofia yake akaishika magotini, macho yamemlowa, akitazama juu kwa mwanamke yule mkondefu aliyevaa sweta kubwa.

— Nauliza! Ni tamu kama jamu. Na kuna kitu kingine humu, kama tunda. Nani?

Nyuma yake Friedhelm alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. Tamu, amesema. Kama tunda, amesema. Akacheka, lakini kicheko kilitoka kimechanganyika na kitu kingine, akalazimika kugeukia kabati ajifiche.

Traudi akawatazama wale wa chini kwa mara nyingine, akatikisa kichwa, akarudi mezani. Akaketi. Akavuta sahani karibu, akakata soseji kipande kikubwa kuliko cha kwanza.

— Friedhelm, akasema huku mdomo umejaa. Unalilia nini hapo? Nipe haradali.