Turubai la Harusi ya Kine

Tangu swala ya alasiri benchi la Mama Yande, muuza kahawa, lilikuwa limejaa, na halihitaji umati kujaa, watatu tu wanatosha. Kulikuwa na Waziri, aliyewahi kumwendesha waziri wa kweli kwa miezi miwili, kazi ikaisha cheo kikabaki. Kulikuwa na Kaseti, ambaye ukishambonyeza hasimami mpaka upande wa pili uishe. Na kulikuwa na Gora Ndoye, seremala mstaafu, ambaye siku hiyo alikuwa akinywa kahawa yake kama anayemeza dawa. Mjadala ulikuwa mmoja: turubai la harusi ya Kine, binti wa Gora, lifungwe wapi. Katika mtaa huu wa Rufisque, mji ulio jirani na Dakar, harusi hufanyika barabarani. Njia inafungwa, viti vinaazimwa nyumba kwa nyumba, masufuria makubwa yanatoka kwa Mama Yande, na hata mpita njia anakula wali na nyama akashiba. Kila mtu alijua ndivyo itakavyokuwa, isipokuwa baba mtu mwenyewe. Gora alijua kwamba harusi ya Kine ilishafanyika, Jumamosi iliyopita, kule Dakar, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, na hakuna hata mmoja wa benchi hili aliyeambiwa.

— Mimi nasema lianzie ukuta wa msikiti, liishie nguzo ya umeme, — alisema Waziri. — Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Mtaa mwema je? Huvikwa turubai.

— Pale nguzoni pana bomba, — Kaseti akamjibu. — Na maji yakimwagika hayazoleki.

Gora aliinamia kikombe chake. Methali ile haikutupiwa yeye, lakini ilimfikia.

Mwenye kosa la kwanza alikuwa dada yake, Arame, ambaye Kine aliishi kwake tangu apate kazi Dakar. Shangazi wa bibi harusi ndiye mwenye sauti, hilo halina ubishi, na Arame alimwita kaka yake akamuuliza kama kweli wakwe watakuja na magari yao ya maana, naye awaketishe kwenye viti vya kuazima, mbele ya mtaro. Gora angeweza kukataa. Tuseme ukweli, hakukataa kwa sababu na yeye alishautazama ule mtaro kwa macho ya wakwe, akauonea haya. Kosa la pili lilikuwa lake peke yake. Alikuja hapa benchini akaaga kwamba anakwenda kuzika mji wa Thiès. Kanzu mpya aliificha kwenye mfuko wa mchele, akaenda kuivalia kwa dada yake. Alipotokea benchini Jumapili wenzake walimpa pole, na Waziri akainua mikono akamwombea marehemu dua ndefu, tena akauliza jina lake ili aombe vizuri. Gora akataja jina la mjomba aliyekufa zamani sana.

Alipanga kusema Jumatatu. Jumatatu akakuta Mama Yande ameshayasugua masufuria kwa mchanga mpaka yanang'aa. Akasema basi Jumanne, na Jumanne Kaseti akapita nyumba zote kuorodhesha viti. Leo ilikuwa Alhamisi, na ulimi wake ulikuwa mzito zaidi ya juzi.

Kaseti alishafika kwenye mpango mpya. Alitaka njia zote mbili zifungwe, turubai likae mfano wa ndege: wakwe bawa la kulia, mtaa bawa la kushoto, imamu kule mbele kwa rubani. Waziri akasema imamu hapandi ndege bila kupewa chakula. Kaseti akasema basi masufuria yakae mkiani, harufu iwaendee wakwe polepole, maana mgeni njoo mwenyeji apone.

— Bawa la kushoto litagonga zizi lako, Waziri, — alisema Kaseti.

— Zizi lipi?

— La kondoo wako.

— Hilo halipo, — Waziri alisema, akainua viganja vyake yakaonekana malengelenge. — Nimebomoa ukuta tangu asubuhi. Kondoo nimewapeleka kwa shemeji. Binti yetu haolewi kila mwaka.

Gora aliweka kikombe chini. Ukuta ule alikuwa amemsaidia Waziri kuujenga, tofali kwa tofali, mwaka ule wa mvua nyingi. Alitaka ardhi ipasuke aingie, na ardhi ya Rufisque ilikaa kimya.

Ndipo akatokea Ablaye, mwenye maturubai, mgeni kwenye benchi hili. Kaseti ndiye aliyemwita aje apime. Alisalimia kila mtu kwa jina la ukoo, akauliza habari za nyumbani, akatandaza kamba yake kutoka msikitini hadi nguzoni, akarudi akiandika kwenye kiganja.

— Nafasi inatosha, wazee wangu. Sasa niambieni tu, harusi ni lini?

Waziri alimtazama Kaseti. Kaseti alisema wao walikuwa bado kwenye suala la mahali. Mama Yande aliacha kumimina. Siku nne wamebishana, na hakuna aliyejua tarehe. Wote wakamgeukia Gora.

— Baba Kine, — alisema Waziri, — ni lini?

— Imeshapita, — alisema Gora. — Jumamosi iliyopita. Dakar.

— Jumamosi ulikuwa msibani.

— Sikuwa msibani, ndugu yangu.

Ablaye, mtu wa adabu zake, alianza kuikunja kamba bila kuinua macho. Kaseti, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, alinyamaza. Gora alingoja atukanwe, na angeshukuru kutukanwa. Waziri akainua mikono yake yenye malengelenge, akamwombea Kine na mumewe heri, uzazi na maisha marefu, dua fupi. Kisha akasema anakwenda kuwatazama kondoo.

Mama Yande alibaki amesimama na birika mkononi. Ndiye aliyembeba Kine mgongoni miezi ile mama yake alipougua, na Kine alijifunza kutembea kwa kushika benchi hili hili.

— Alipendeza? — aliuliza.

Gora aliirudia Jumamosi ile kichwani. Kule msikitini Dakar bibi harusi hakuwepo, ndoa hufungwa na wanaume, na ukumbini Kine aliingia jioni akiwa amezungukwa na wapiga picha na simu zilizoinuliwa juu. Gora alikuwa meza ya mwisho, karibu na mlango wa jiko, pamoja na madereva wa wakwe. Aliona ncha ya kilemba cha dhahabu. Akasimama aone vizuri, kijana mmoja mwenye suti akamwomba kwa heshima aketi. Gari la mwisho la Rufisque likamwita kabla Kine hajafika upande ule.

— Baba Kine, nakuuliza. Mwanangu alipendeza?

— Sijui, Mama Yande, — alisema Gora. — Waliniketisha nyuma.