Mwalimu Kicheko, 1948–2024: Vitabu Sita vya Kuchekesha, Vitano vya Mauaji

Ndugu, jamaa, majirani na wasomaji wa marehemu, poleni sana kwa msiba. Mimi ni binti yake wa kwanza, na kazi yangu ni kupiga chapa mahakamani. Kamati ya mazishi ilinipa jukumu hili kwa sababu ndimi niliyechapa miswada yake tangu mwaka 1998, na kwa sababu baba mdogo, mwenyekiti wetu, aliamini nitaandika yale yaliyozoeleka. Tarehe nimezihakiki kwenye vyeti. Mengine nimeyahakiki kwa mama.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Kicheko, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu kati ya wanane wa fundi wa reli na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Shangazi yetu mkubwa anasema alichelewa kusema hadi watu wakaanza kunong'ona. Alipofika miaka mitatu akafungua mdomo, na tangu hapo hakuna aliyepata nafasi ya kunong'ona tena.

Alianza shule ya msingi Januari 1956. Akiwa darasa la tatu alisimama mbele ya wenzake kwenye mstari wa asubuhi akauiga mwendo wa mwalimu mkuu, aliyetembea kama mtu anayekwepa madimbwi hata wakati wa kiangazi. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma yake. Wenzake wakanyamaza, yeye akaendelea. Alipelekwa ofisini, akachapwa viboko vinne, kisha mwalimu mkuu akafunga mlango na kumwambia, "Haya, nioneshe tena." Akamwonesha, na mzee wa watu akacheka hadi akavua miwani. Baba alikipenda sana kisa hiki, nami nilikipenda, mpaka nilipokuwa mtu mzima nikaelewa alichojifunza siku ile: ukimchekesha mtu, anasahau ulichomfanyia. Alimaliza sekondari mwaka 1966 na chuo cha ualimu mwaka 1968, akiwa na alama nzuri katika lugha na mbaya katika kila kitu kilichohitaji rula.

Alifundisha shule ya msingi kuanzia Januari 1969 hadi Desemba 1982. Wanafunzi wake wapo hapa, wengine wana mvi. Watawaambia kwamba darasa lake lilisikika hadi barabarani kwa vicheko, na hilo ni kweli, sitalipunguza.

Mwaka 1973 alipeleka suruali kwa fundi wa nguo, binti aliyekuwa na chumba kidogo kilichotazama kituo cha mafuta. Binti yule aliigeuza suruali ndani nje, akaangalia mishono, akatoa pini mdomoni, akasema, "Aliyekushonea hii mnadaiana nini?" Baba alicheka, akarudi kesho yake na shati ambalo halikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Desemba 1973. Wakajaliwa watoto wanne, na cherehani ile ya kukanyaga ndiyo iliyotulea, hasa baada ya baba kuacha ualimu ili aandike.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo wasifu nilioombwa na wasifu ninaousoma zinaachana njia.

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1979. Mnakikumbuka. Mume mcheshi, mwenye maneno, na mkewe Bi Kufuli, mwanamke mchoyo, mzito wa kuelewa, anayefungia sukari kabatini na kuvaa ufunguo shingoni. Vikafuata vingine vitano hadi mwaka 1993, vikachezwa redioni, vikasomwa shuleni. Nchi nzima ilimcheka Bi Kufuli. Na kwa kuwa mama alikuwa mke wa Mwalimu Kicheko na alivaa ufunguo shingoni, watu walijumlisha wenyewe. Sokoni aliitwa Bi Kufuli. Wateja wake walimwita Bi Kufuli huku wakipimwa kiuno. Mimi nilikuwa mtoto wa Bi Kufuli kuanzia darasa la kwanza hadi la mwisho.

Kufuli lile alilinunua baba. Alilitia kwenye kabati la miswada yake ili tusimchoree karatasi, na kwa kuwa kila wiki aliupoteza ufunguo, akamvisha mama. Sukari yetu ilikaa mezani, kwenye kopo lisilo na mfuniko.

Jambo la pili ni zito zaidi. Baba alikuwa akiandika hivi: alikaa kwenye benchi la wateja, katika chumba cha mama cha kushonea, na daftari dogo mfukoni. Mama aliposema neno kwa mteja, baba aliandika. Wateja walidhani anaandika vipimo. Jioni alimsomea mama sura nzima. Mama akisimamisha cherehani ili acheke, sura inabaki. Cherehani ikiendelea kulia, sura inachanwa. Lile swali la suruali liko ukurasa wa nne wa kitabu cha kwanza, na anayeliuliza ni mume. Nimevipitia vitabu vyote sita nikiwa na mama pembeni na kalamu nyekundu mkononi. Kila utani uliowahi kuwavunja mbavu ulikuwa wa mama. Baba aliuchukua ucheshi wake akajivika yeye, kisha akamwachia mama lile kufuli.

Mama hakulalamika. Alisema ni vitabu tu. Kisha, tarehe 20 Agosti 1994, tukamzika bibi, mzaa mama. Mama alisimama kusema maneno machache juu ya mama yake. Alikuwa ameyaandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo ya nguo. Hajamaliza sentensi ya pili, sauti ikatoka nyuma: "Bi Kufuli, fungua basi tuingie!" Umati ukacheka, mbele ya kaburi. Mama akamtazama baba. Baba alikuwa anacheka.

Baadaye alimwambia shangazi kwamba kicheko kilimponyoka kabla hajajua yuko wapi. Namwamini. Ila mama aliikunja karatasi yake akakaa, na tangu siku ile hakusema neno la kuchekesha mbele ya baba. Hakumnunia wala hakuhama chumba. Alimpa chakula, akamjibu alipoulizwa, na jioni baba aliposoma, cherehani ikalia moja kwa moja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Baba alihangaika miaka miwili. Mwaka 1996 alikipeleka kwa mchapishaji kitabu cha saba cha kuchekesha. Mhariri wake, ambaye leo yuko hapa safu ya mbele, aliurudisha mswada na barua ya mistari miwili: "Mwalimu, nimesoma wote. Sikuona pa kucheka." Barua hiyo ninayo.

Ndipo alipohamia kwenye riwaya za uhalifu. Wahakiki waliandika kwamba amekomaa, ameamua kuutazama upande wa giza wa jamii. Jamani, hakukomaa. Aliishiwa. Aligundua kwamba maiti haihitaji mtu wa kusimamisha cherehani.

Alijituma lakini, sitamnyima haki yake. Alikuja mahakamani kwangu akakaa benchi la nyuma miezi minne, akisikiliza ushahidi. Alimfuata mpelelezi mmoja mstaafu, akamuuliza, "Hivi mtu akishaua, anajuta?"

"Anajuta kukamatwa," akajibiwa. Baba akaliandika hilo kwenye daftari kama alivyoandika ya mama.

Kati ya mwaka 1998 na 2014 alitoa riwaya tano za uhalifu. Ni nzuri. Zilimpa tuzo mbili na wasomaji ambao hawakuwahi kusikia habari za Bi Kufuli. Nilizichapa zote, na nilipofika ya tatu nikamuuliza, "Baba, mbona kila kitabu muuaji ni yule mcheshi anayependwa na watu wote?"

Akasema, "Wasomaji wamelalamika?"

"Hapana."

"Basi chapa, mwanangu."

Nikachapa. Riwaya tano, kurasa elfu moja mia mbili na kumi, mcheshi akikamatwa tena na tena na wageni, wakati mtu aliyepaswa kuambiwa alikuwa chumba cha pili anapiga pasi.

Figo zake zilianza kushindwa kazi mwaka 2019. Kuanzia Machi 2020 alisafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Mama ndiye aliyempeleka, mara zote, na ndiye aliyebeba shuka, chupa ya chai na ndala. Siku moja muuguzi mgeni alipotambua jina la mgonjwa alipiga makofi. "Jamani! Kumbe huyu ndiye Bi Kufuli mwenyewe?"

Nilikuwepo. Nilimtazama baba. Alikuwa na nafasi nzima ya kumsahihisha, hakuna aliyemkatiza. Akatabasamu, tabasamu ambalo hatukuwa tumeliona kwa muda mrefu, akasema, "Ndiye huyo."

Mama aliziweka ndala chini, akazipanga vizuri, akatoka kwenda kukaa nje. Ijumaa akampeleka tena. Nilikasirika siku ile, na kaburini hapa bado nimekasirika, sioni sababu ya kuwaficha.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, kabla mashine haijawashwa, akiwa na miaka sabini na sita. Mama alikuwa kando yake. Baadhi yenu mmeniuliza kama mwishoni alimwomba msamaha. Nilimuuliza mama. Alisema, "Aliniomba maji."

Juzi, kwenye kikao cha kamati, baba mdogo alipendekeza jina la mama kwenye kijitabu hiki lifuatiwe na Bi Kufuli, kwenye mabano, ili wageni wamjue. Mhariri akaunga mkono. Nilipokataa, baba mdogo akaniambia, "Wewe binti, mbona unakuza mambo? Ni utani tu, na marehemu angependa." Ni kweli, marehemu angependa. Ndiyo maana nimekataa, na ndiyo maana nimeandika haya yote badala ya ukurasa mmoja. Mkipita kumpa mkono, mwiteni mama, mwiteni dada, mwiteni shemeji, mwiteni fundi. Atakayemwita lile jina lingine ajue kwamba mwenye utani huo tunamzika leo, nao ufukiwe naye.

Nilimsomea mama wasifu huu jana kabla haujapelekwa kuchapwa. Nilitaka ruhusa yake, nikidhani nimekuwa mkali mno. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anatia kifungo kwenye shati ambalo baba anazikwa nalo. Akakata uzi kwa meno, akasema jambo moja kuhusu baba na kuhusu mimi, sentensi moja tu, nikacheka hadi wadogo zangu wakaja mbio wakidhani nimezidiwa na kilio. Walipouliza kuna nini, sikuwaambia. Ninyi pia sitawaambia, na mhariri asinisubiri nje. Maneno hayo ni ya mama.

Marehemu ameacha mke, fundi wa nguo kwa miaka hamsini na mitatu. Watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili. Wajukuu saba na kitukuu mmoja. Dada wawili na mdogo wake mmoja wa kiume. Na vitabu kumi na kimoja, vitano vikiwa vyake.

Mungu ampokee baba yetu na ampe mapumziko. Na wewe, mama, sema lolote unalotaka. Hakuna anayeandika.